Kubadilisha pedi za hedifoni bila kuichezea sauti: mwongozo kamili kutoka Mwanza

Pedi za hedifoni hufa kifo cha aibu. Umemaliza kazi, unashuka kununua maji, muuzaji anakutazama shingoni na kucheka: vipande vyeusi vimekutapakaa kuanzia sikioni hadi kwenye kola, kama mtu aliyetoka kupakua mkaa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokimbilia dukani na kununua pedi yoyote inayoonekana itaingia.

Nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili wa kuhariri vipindi vya redio hapa Mwanza. Nilipata pedi nene za velveti, laini kama mto wa bibi harusi. Masikio yalistarehe kweli. Kwa wiki mbili nikawa naongeza besi kwenye kila sauti niliyohariri, maana niliisikia nyembamba, hadi jamaa yangu wa Buzuruga akanipigia simu: "Kaka, mbona wageni wako siku hizi wanaongea kama wako ndani ya pipa?" Wageni hawakuwa na tatizo. Pedi zilikuwa zinavujisha besi, nami nikawa naifidia pasipo kujua.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayetaka masikio yapumzike na sauti ibaki ileile. Kazi ya mikono ni dakika kumi. Kazi yenyewe hasa iko kabla ya hapo, kwenye kupima, na huko ndiko nitakakokaa muda mrefu.

Pedi ni sehemu ya spika

Wengi huichukulia pedi kama mto wa kiti: kinachobadilika ni starehe tu. Sivyo. Kati ya ngozi nyembamba ya spika na ngoma ya sikio lako kuna chumba kidogo cha hewa, na kuta za chumba hicho ni pedi. Ukibadilisha kuta umebadilisha chumba.

Besi ndiyo inayoumia kwanza. Sauti nzito zinahitaji hewa iliyofungiwa ili mgandamizo ufike sikioni. Ukishawahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ambayo ngozi yake ya ndani imechakaa, unajua ninachosema: unasukuma kwa nguvu zote, hewa inarudi pembeni, tairi halijai. Hedifoni iliyofungwa nyuma, yaani isiyo na matundu upande wa nje wa vikombe, ikipata tundu dogo tu kati ya pedi na shavu, besi inatoka kwa njia hiyohiyo. Sauti za juu hazijali sana tundu, ndiyo maana unabaki na muziki mkali usio na miguu.

Kina cha pedi nacho kina lake. Pedi nene inalisogeza sikio mbali na spika na kukuza chumba. Pedi iliyolala inalisogeza karibu. Mabadiliko ya milimita chache tu yanaweza kusikika kwenye sauti za katikati na za juu, yaani palepale ambapo "s" na "sh" za mtangazaji zinakaa. Ukuta wa ndani wa pedi, ule unaotazama sikio, una kazi pia: ukiwa na vitundu, au ukiwa wa kitambaa, sponji iliyo nyuma yake inameza sehemu ya sauti, ukiwa laini usio na tundu, sauti inadunda na kurudi.

Halafu kuna kile kipande cha kitambaa au sponji nyembamba kinachofunika spika. Watu hudhani ni cha kuzuia vumbi tu. Mara nyingi kimewekwa na mtengenezaji kwa makusudi ili kupunguza ukali. Nimewahi kuona fundi akikitupa kwa sababu "kimechakaa", mwenye hedifoni akaondoka nayo inapiga kama mabati ya mvua ya mawe.

Sauti ipi unayoitunza?

Swali hili lijibu kabla hujatoa hata shilingi. Pedi uliyonayo sasa imekandamizwa kwa miaka. Ilipotoka kiwandani labda ilikuwa na kina cha milimita 20, leo ina 12. Masikio yako yamezoea sauti ya pedi iliyolala, ukaiita "sauti ya hedifoni yangu". Ukiweka pedi mpya halisi kabisa, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, bado utasikia tofauti, na si kosa la pedi mpya.

Ushauri wangu: kama hedifoni ni ya kazi, lenga sauti ya kiwandani, kisha yape masikio wiki moja yaizoee. Kama ni ya kusikilizia Bongo Fleva kwenye daladala kutoka Igoma, lenga unachokipenda, hakuna atakayekushtaki.

Kinachouma ni nini hasa?

Usikubali jibu la "inaniumiza tu". Maumivu yapo ya aina nne na kila moja lina dawa yake.

Kama ni utosi unaouma, pedi za masikio hazina hatia. Shughulikia upinde wa kichwani: funga sponji na kitambaa, mshonaji yeyote atakushonea kifuko chenye zipu. Hapa una uhuru mkubwa kwa sababu upinde hauko kwenye njia ya sauti, alimradi usiubadili hadi vikombe vikakaa tofauti masikioni.

Kama ni kubanwa, taya na mapanja ya uso yanachoka, basi upinde una nguvu mno. Uache usiku mmoja umetanuliwa kwenye rundo la vitabu lililozidi kidogo upana wa kichwa chako. Nenda polepole, usiku mmoja kisha ujaribu, kwa sababu mbano huohuo ndio unaofunga hewa. Ukiulegeza kupita kiasi umeipoteza besi bila hata kugusa pedi.

Kama ni sikio kugusa wavu wa ndani, au kukunjwa na mdomo wa pedi, yaani uwazi wa katikati ambamo sikio huingia, hapo ndipo pedi zinapohusika. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili, chukua poda ya mtoto, jipake kidogo nyuma na juu ya sikio, vaa hedifoni dakika moja, vua kwa kunyoosha. Poda ikionekana katikati, juu ya wavu, kina hakitoshi. Ikionekana pembeni, kwenye ukuta, mdomo ni mdogo. Kitu rahisi sana, ila kinakuokoa usinunue pedi nene wakati ulichohitaji ni pedi pana.

La nne ni joto. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani. Haipumui, na maji na joto ndivyo vinavyoivunjavunja hadi ibabuke. Jasho na mafuta ya nywele yanaharakisha. Sisi tulio kando ya ziwa tunajua unyevu wa asubuhi ya masika. Hedifoni inaweza kubabuka hata ikiwa imelala kabatini. Velveti inapoza, ila inapitisha hewa. Hedifoni nyingine zilizofungwa, kama matoleo mengi ya Beyerdynamic DT 770 Pro, zimesanifiwa na velveti tangu kiwandani. Ukiziwekea ngozi utaibadilisha sauti yake vilevile. Kanuni ni kubaki na aina ya kitambaa iliyotoka nayo, si kwamba ngozi ni bora kuliko velveti.

Vipimo, kabla ya kung'oa chochote

Chukua rula, au bora kalipa ya fundi wa vyuma. Pima upana wa nje wa pedi, upana na urefu wa mdomo wa ndani, na kina. Kina kipime mahali ambapo pedi haijakandamizwa sana, kwa kawaida mbele, karibu na shavu, kisha upime palipolala zaidi. Namba mbili hizo zinakupa picha ya pedi ilivyokuwa na ilivyo. Angalia pia kama nyuma ni nene kuliko mbele. Pedi za namna hiyo zimeinamishwa makusudi, na za kushoto na kulia hazibadilishani.

Piga picha kila pembe. Baadaye utanishukuru.

Sasa rekodi sauti. Huhitaji maabara. Chukua jalada gumu la daftari, toboa tundu dogo, bandika simu kwa chini kwa solotepu ili mikrofoni yake ikae sawasawa kwenye tundu na pembeni pasivuje hewa. Laza kikombe kimoja cha hedifoni juu, tundu likiwa katikati ya mdomo wa pedi, na juu ya kikombe weka pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Pakiti hiyohiyo utaitumia mara zote, mahali palepale.

Kwenye kompyuta, programu ya bure ya Audacity inaweza kukutengenezea sauti inayopanda kutoka Hz 20 hadi Hz 20,000 kwa sekunde kumi (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu). Icheze kupitia hedifoni, irekodi kwa simu, kisha irudishe Audacity uone mchoro wa masafa yake. Chora alama kwenye jalada kikombe kilipokaa. Rudia mara tatu kwa kila upande. Michoro mitatu isipofanana, tatizo ni mkono wako, si hedifoni, na usiendelee mpaka ifanane.

Angalizo la simu: nyingi zina mfumo unaokata kelele na kupandisha sauti zenyewe. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima vitu hivyo, vinginevyo utapima akili ya simu badala ya pedi. Na usiuamini mchoro kwa kila kitu. Jalada la daftari si sikio. Chini ya Hz 1,000 unakuonyesha vizuri uvujaji na besi; juu zaidi ukisogeza kikombe kidogo tu mchoro unabadilika, kwa hiyo huko tumia masikio.

Kununua

Katikati ya mji, kwenye maduka ya vifaa vya simu, utapata pedi za saizi za jumla: mm 70, mm 80, mm 90 na kuendelea. Zinazotajwa kwa jina la hedifoni yako huagizwa, mara nyingi kupitia Kariakoo, na mzigo unaupokea stendi ya Nyegezi. Ukiweza kupata za mtengenezaji mwenyewe, maliza hapo. Ndizo zenye nafasi kubwa ya kutobadilisha kitu.

Ukikosa, nenda na namba zako na fanya majaribio mawili palepale dukani. La kwanza: weka ngozi ya pedi mdomoni na upulize. Ndiyo, muuzaji atakushangaa. Hewa ikipita, ile si ngozi ya kufunga besi, hata ing'ae vipi. Fanya hivyo pia kwenye ukuta wa ndani, ulinganishe na pedi yako ya zamani kama haijatoboka. La pili: bonyeza kwa dole gumba na uachie. Sponji nzuri ya kujikunja polepole inarudi taratibu na kujiumba kwenye shavu. Sponji ya godoro inaruka juu mara moja. Kama ya zamani ilikuwa ya kuruka, nunua ya kuruka.

Mafundi wa makochi wanaweza kukushonea pedi kwa reksini na sponji. Kwa hedifoni ya kupokelea simu ofisini, sina neno. Kwa ya kuhariria, hapana: mishono yao ni minene, hewa inapita kwenye matundu ya sindano, na kushoto na kulia havitoki sawa.

Hedifoni zinazozima kelele za nje zinahitaji uangalifu zaidi. Ndani ya kikombe kuna mikrofoni inayosikiliza kelele iliyoingia ili ifutwe. Pedi ikivuja, hesabu yake inaharibika, na unaweza kusikia mvumo au kishindo ukitembea. Sony WH-1000XM4 ina pia kihisi ndani ya kikombe cha kushoto kinachojua kama umeivaa. Pedi ikikifunika, kinaweza kudanganyika.

Kung'oa

Osha mikono, tandika kitambaa cheupe, zima feni. Usifanyie kazi hii chini ya taa barazani jioni ambayo vile vidudu vya ziwani vimepanda kama moshi. Kimoja kikiingia kwenye spika kitakukoroma humo hadi ukijue jina.

Jua kwanza pedi imeshikwaje. Ya pindo ndiyo ya kawaida: nyuma ya pedi kuna ukingo mwembamba uliovalishwa kwenye mfereji wa kikombe. Sony MDR-7506, ile ya waya uliojiviringisha inayotumika redioni tangu 1991, iko hivi, na Audio-Technica ATH-M50x pia. Ingiza kidole chini ya pedi, vuta pindo litoke mahali pamoja, mengine yatafuata.

Ya vibanio ina bangili ya plastiki nyuma. Ingiza kadi ya zamani ya benki kati ya bangili na kikombe, sogea kidogo kidogo ukisikia "tak". Usitumie kisu, usitumie bisibisi: spika ina sumaku, na chuma kikivutwa ghafla kinatua katikati ya ngozi yake. Chunguza kama bangili inauzwa pamoja na pedi mpya. Kama haiuzwi, itoe kwenye pedi ya zamani kwa uangalifu.

Ya kuzungusha, kama ya AKG K702, shika pedi yote kwa kiganja na uizungushe. Ya gundi ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kwenye moto mdogo, kisha ivue polepole.

Vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye kikombe viokote kwa solotepu. Usipulize kwa mdomo kuelekea spika, na mashine ya kufyonza vumbi isikaribie kabisa. Kile kitambaa cha kufunika spika kama ni kizima, kiache. Kama kimekuwa unga, weka kingine chenye unene na uwazi unaofanana nacho, na weka pande zote mbili.

Upande mmoja kwanza

Hapa ndipo wengi wanapopoteza nafasi ya dhahabu. Wanabadilisha zote mbili, wanavaa, wanajaribu kukumbuka sauti ya jana. Sikio halina kumbukumbu hiyo.

Badilisha kulia tu. Kwa pedi ya pindo, valisha chini kwanza, shikilia kwa dole gumba, kisha lipeleke pindo pande zote mbili hadi juu. Likiwa gumu, liache juani dakika tano lilegee. Ukifika mahali linapogoma, tumia ile kadi ya benki kulisukuma mfereji mzima. Mwisho zungusha macho: pindo lililojikunja ndani hata sentimita moja ni mlango wa besi kutokea.

Sasa cheza sauti ya mtu mmoja anayeongea, kwa mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili. Kabla ya kubadilisha ilikuwa inasikika katikati ya kichwa. Nilipaswa kukuambia uhakikishe hilo mapema, basi nakuambia sasa, usianze bila kuhakikisha. Ikibaki katikati, na rangi ya sauti haibadiliki ukisikiliza kwa makini kila upande, pedi zako zinafanana. Ikivutwa kulia na kuwa nzito, pedi mpya inafunga vizuri kuliko ya zamani, jambo la kutarajiwa. Ikivutwa kushoto, na kulia kumekuwa kwembamba, unavuja.

Hakikisha kwa sauti ya Hz 40, kwa kiasi kidogo. Bonyeza kikombe kwa kiganja polepole. Besi ikipanda kidogo ni kawaida. Ikiruka juu ghafla, kuna tundu. Mara nyingi si pedi: ni mkono wa miwani, rasta, au ushungi. Mwanafunzi mmoja wa utangazaji kutoka Malimbe aliniletea hedifoni akilalamika, "Shikamoo kaka, pedi ulizonichagulia hazina besi." Kwenye jalada la daftari zilikuwa salama. Tukagundua upindo wa ushungi unapita chini ya pedi, mara mbili. Sasa huvaa ushungi mwepesi wa tabaka moja siku za kuhariri, na besi imerudi.

Ukiridhika, badilisha kushoto. Kisha rudi kwenye jalada na pakiti ya chumvi, rekodi tena, weka mchoro mpya juu ya ule wa kwanza uvilinganishe. Usihukumu siku hiyohiyo. Sponji mpya ni ngumu na hufunga vizuri zaidi baada ya siku tatu nne za kuvaliwa.

Ikibaki tofauti

Besi imepanda au kushuka desibeli mbili au tatu kwa mapana? Ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi au sauti za juu, inatosha, na ukiiweka iache hapo. Kuna shimo jembamba kwenye sauti za juu? Usilifukuze kwa ikwalaiza, huenda hata halipo ukiivaa kichwani. Rudi kwenye kina.

Pedi ni nene mno, hakuna cha kufanya zaidi ya kuibadilisha. Ni nyembamba, hapo kuna ujanja: zungushia kamba laini ya pamba ndani ya mfereji, chini ya pindo, pedi inainuka milimita moja au mbili. Ukiweka kamba nyuma tu, pedi inainama na sikio linaacha kugusa wavu. Nimemfanyia hivyo mzee mmoja mwenye masikio makubwa, kwenye pedi zake za zamani ambazo ngozi ilikuwa bado nzima, na akaondoka bila kununua chochote. Pima tena baada ya kamba, kwa sababu umebadilisha chumba.

Ukimaliza kila siku, futa pedi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu. Spiriti inaikausha ngozi bandia, iepuke. Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Pedi za zamani zitie kwenye bahasha pamoja na vile vipimo vya rula, uandike tarehe. Siku ukitaka kununua nyingine, bahasha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.